Malisho ya Abrahamu na Malisho ya Loti

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, imeandikwa habari ya ugomvi uliotokea kati ya wachungaji wa Abrahamu na wachungaji wa Loti, mwana wa ndugu yake. Habari yenyewe ni fupi. Wakatekumeni wengi huisikia mara moja, hujibu vema maswali ya katekista, kisha huisahau, kwa kuwa huidhania ni habari ya mzee mpole aliyemwachia kijana achague kwanza, kama vile baba amwachiavyo mtoto kipande cha nyama. Lakini sivyo. Siku ile Abrahamu alitoa majani na maji, yaani uzima wa wanyama wake wote na wa watu wake wote. Tena alimpa mtu aliyekuwa na haki ndogo kuliko yake. (Wakati ule jina lake lilikuwa bado Abramu, hapa anaitwa kwa jina alilopewa na Mungu baadaye.)

Basi, ili kuelewa ukubwa wa jambo hilo, yafaa kwanza kuijua nchi ile, na jinsi watu wa kale walivyochunga wanyama wao.

Kanaani ni nchi nyembamba, kati ya bahari upande wa magharibi na jangwa upande wa mashariki. Katikati yake inapita safu ya milima, na juu ya milima hiyo uko mji wa Hebroni, kadiri ya mita 930 kupita usawa wa bahari. Kusini ya Hebroni milima inashuka, nchi inazidi kuwa kavu, nayo huitwa Negebu. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, hukoma mwezi wa Aprili au baadaye kidogo. Toka hapo mbingu hufungwa, wala watu hawatazami tena mawingu mpaka mwaka ugeuke. Watu wa Katanga watasema kwamba ndivyo ilivyo hata kwao. Kwa hesabu ya miezi ni kweli. Lakini kule Kanaani mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ndicho wakati wa jua kali. Kwa hiyo mnyama huona kiu kubwa kuliko zote katika miezi ileile ambayo maji yamepungua kuliko zote. Tena mvua haigawanyiki sawasawa. Yerusalemu hupata zaidi ya milimita 500 kwa mwaka, lakini Bersheba, mji wa Negebu, hupata milimita 200 hivi tu, na pengine mwaka mzima hupita bila kuzipata hizo.

Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye kondoo na mbuzi wengi hawezi kukaa mahali pamoja. Mvua za kwanza zikisha kunyesha, majani mabichi huchipuka Negebu na kando ya jangwa, hata mahali ambapo wakati wa kiangazi hapana kitu ila mawe. Ndipo mchungaji huteremka huko. Kondoo alaye majani yenye umande hahitaji maji mengi; watoto wa kondoo huzaliwa, maziwa hujaa vyombo, na watu wenye hema husahau shida zao. Lakini furaha hiyo ni ya miezi michache. Mwezi wa Aprili ukipita, jua linachoma majani, madimbwi yanakauka, na lazima watu wang'oe vigingi, wakunje hema zao za manyoya ya mbuzi, wawapakie punda mizigo, wapande tena milimani. Huko milimani wakulima wamevuna shayiri, kisha ngano, na katika mashamba yamebaki mabua. Wakulima huwaruhusu wachungaji kuingiza wanyama wale mabua hayo, maana samadi ya kondoo hurudisha nguvu ya udongo. Hivyo mkulima na mchungaji, ambao mara nyingi husemana vibaya, kila mmoja huhitaji alicho nacho mwenziwe.

Asidhani mtu, basi, kwamba watu hao walitangatanga ovyo kama waliopotea. Kila jamaa ilijua njia yake, visima vyake na miezi yake. Yakobo alipokuwa akikaa Hebroni, wanawe walikuwa wakichunga karibu na Shekemu, mwendo wa kilometa 80 hivi kuelekea kaskazini. Na Yosefu alipowafuata huko aliambiwa kwamba wamekwisha kwenda mbele mpaka Dothani, zaidi ya kilometa 20 tena. Ndugu zake walimtupa katika shimo la maji lililokuwa tupu. Maandiko yanataja kwamba halikuwa na maji, na mtu aijuaye nchi ile atafikiri mara moja kwamba huenda ilikuwa kiangazi, na kwamba ndiyo sababu wanyama walikuwa wamepelekwa mbali hivyo.

Hata mbali na Kanaani ilikuwa vivyo hivyo. Toka mwaka 1933 wachimbaji Wafaransa walifukua mji wa kale wa Mari, kando ya Mto Eufrate katika nchi ya Siria, wakapata humo vibao vya udongo vyenye maandishi, zaidi ya 20,000, vilivyoandikwa karne ya 18 kabla ya Kristu. Vingi ni barua za wafalme na watumishi wao. Humo mnatajwa makabila ambayo watu wake wengine walikaa vijijini mtoni wakilima, na wengine wa kabila lilelile walikuwa mbali nyikani pamoja na kondoo. Na watumishi wa mfalme walipotaka kuwahesabu, walipata taabu, kwa maana watu hao hawakupenda kuhesabiwa. Hata jina la Harani limo katika barua hizo, mji ule ambako Abrahamu aliondoka kwa wito wa Mungu.

Sasa yaonekana wazi kwa nini ugomvi haukuwa mbali. Pale wanyama wengi wapitapo katika nchi yenye mashamba na visima vichache, mtu mmoja atachelewa kuondoka, mwingine atawahi kufika, na kondoo hawajui mpaka. Katika mji wa Susa, nchi ya Irani, mwaka 1901 na 1902 lilipatikana jiwe jeusi refu kupita mita 2, limechorwa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babiloni, aliyetawala katika karne ileile ya 18. Sasa jiwe hilo limetunzwa Paris, katika nyumba ya Louvre. Sheria moja yasema kwamba mchungaji akilisha kondoo katika shamba la mtu bila ruhusa, atamlipa mwenye shamba vipimo 20 vya nafaka kwa kila kipande cha shamba cha kiasi fulani. Sheria inayofuata yahusu wakati wanyama wamekwisha kuondoka malishoni, na alama ya kufunga malisho imekwisha kutundikwa kwenye lango la mji. Mchungaji akiingiza kondoo shambani baada ya alama hiyo, malipo si 20 tena bali 60, yaani mara tatu. Kosa ni lilelile, lakini majira yamepita, na aliyevunja majira amevunja amani ya mji mzima. Hiyo ni sheria ya Babiloni, wala si ya Kanaani; hata hivyo yaonyesha jinsi jambo hilo lilivyowasumbua watu wa zamani hizo, hata mfalme akaamuru lichorwe katika jiwe.

Abrahamu hakuwa na jiwe la sheria, wala hakuwa na mfalme wa kumwamulia. Alikuwa amerudi kutoka Misri, ambako njaa ilikuwa imempeleka, akapita Negebu, akapanda mpaka mahali palipo kati ya Beteli na Ai. Alikuwa na wanyama wengi, fedha na dhahabu. Loti naye alikuwa na kondoo, ng'ombe na hema. Maandiko yasema kwamba nchi haikuweza kuwachukua wote wawili wakae pamoja. Neno hilo ni la mchungaji kweli: nchi huchukua wanyama kadiri yake, kama mtumbwi uchukuavyo watu kadiri yake, na anayepita kadiri hiyo huzamisha wote.

Maandiko yaongeza jambo moja ambalo msomaji wa haraka hulipita: kwamba wakati ule Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi ile. Maana yake ni nini? Ni kwamba Abrahamu na Loti walikuwa wageni wote wawili. Majani waliyogombania hayakuwa yao, wala visima vingi havikuwa vyao. Wenyeji walikuwa wakitazama. Wageni wa ukoo mmoja wakipigana mbele ya wenyeji, wenyeji watawaheshimu kwa sababu gani?

Ugomvi haukuanza kwa wakubwa. Ulianza kwa wachungaji, watumishi, kama kawaida ya ugomvi wa kisimani: nani amefika kwanza, nani atanywesha kwanza, kondoo wa nani amechafua maji. Jioni kila mmoja alikwenda kumweleza bwana wake habari kwa namna yake. Hapo ndipo mabwana wengi hukosea, kwa kuwa huona haya kuwakataa watu wao wenyewe, wakachukua maneno ya watumishi kuwa maneno yao. Abrahamu hakufanya hivyo. Alimwita Loti, akamsihi pasiwe na ugomvi kati yao, wala kati ya wachungaji wao, kwa kuwa wao ni ndugu. Kisha akamwonyesha nchi yote iliyokuwa mbele yao, akamwambia ajitenge naye: akichagua upande wa kushoto, yeye Abrahamu atakwenda kulia; akichagua kulia, yeye atakwenda kushoto.

Wenye kujua desturi za wazee watashangaa. Abrahamu alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa ukoo alikuwa mahali pa baba. Mungu alimwita yeye, wala si Loti. Ahadi ya nchi alipewa yeye. Kama angalisema tu, "Mimi nitakwenda huku, wewe nenda kule," hakuna mtu angalimlaumu, wala Loti mwenyewe. Na juu ya mlima ule wa Beteli kila kitu kilionekana wazi. Loti aliinua macho, akaliona bonde la Yordani, lenye maji mengi kama bustani. Bonde hilo liko chini sana. Bahari ya Chumvi iliyo mwisho wake iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine. Wakati wa baridi, watu wa milimani wakitetemeka, bondeni kuna joto. Na wakati wa kiangazi chemchemi kama ile ya Yeriko hazikauki. Mchungaji akaaye karibu na maji ya namna hiyo ameondokewa na taabu ya kuhama. Hafungi mizigo, hahesabu mawingu, wala hamwombi mkulima ruhusa ya mabua.

Asilaumiwe Loti kwa kupenda majani mabichi. Mchungaji asiyeyapenda si mchungaji. Kosa lake ni kwamba aliyatazama sana majani, wala hakuuliza habari za watu waliokaa karibu nayo. Alipiga hema zake kuelekea Sodoma. Katika sura ya 19 hana hema tena, yumo ndani ya nyumba mjini, na watu wanaukusanyikia mlango wake usiku.

Kwa Abrahamu ilibaki milima, na Negebu, na majira yake. Alibakiwa na kuhama. Akaenda kukaa kwenye mialoni ya Mamre, karibu na Hebroni, akamjengea Bwana altare. Na ni baada ya Loti kuondoka, wala si kabla, ndipo Mungu alipomwambia ainue macho naye atazame pande zote nne, akamwahidia nchi yote aliyoiona.

Lakini katekumeni mwenye shauri la mpaka wa shamba na ndugu yake anaweza kuuliza: Je, kila mara nikubali kuondolewa? Na je, mtu wa Mungu anyamaze tu akinyang'anywa? Swali hilo ni la haki, na habari za Abrahamu zenyewe zinalijibu. Katika sura ya 21 watumishi wa Abimeleki, mfalme wa Gerari, walimnyang'anya Abrahamu kisima alichokichimba yeye. Abrahamu hakunyamaza. Alimkemea Abimeleki waziwazi, uso kwa uso, wala hakupeleka maneno kwa siri. Abimeleki alijibu kwamba hakuwa amesikia habari hiyo mpaka siku ile. Ndipo Abrahamu akatenga kondoo majike saba, akampa, wawe ushahidi kwamba kisima ni chake, nao wakaapiana, na mahali pale pakaitwa Bersheba. Hapo pana jambo la kufikiriwa: mwenye haki ndiye aliyetoa kondoo. Alitaka neno likumbukwe na pande zote mbili, akalinunua ukumbusho huo kwa mali yake mwenyewe.

Isaka mwanawe alipata majaribu makali zaidi. Njaa iliingia tena katika nchi. Siku hizo njia ya wachungaji wenye njaa ilikuwa ni kwenda Misri, kwa maana Mto Nili hautegemei mvua ya Kanaani. Gharika yake hutoka milima ya Uhabeshi, tena mto huo hupokea hata maji ya Semliki ya Kongo. Wamisri walizoea kuwaona watu hao mipakani. Iko barua ya mtumishi wa serikali ya Misri, iliyoandikwa kadiri ya mwaka 1200 kabla ya Kristu, ambayo inamwarifu mkubwa wake kwamba wachungaji kutoka Edomu wamepitishwa kwenye ngome ya mpakani, waende kwenye mabwawa ya Pitomu, wapate kuishi wao na wanyama wao. Isaka naye angalipita njia hiyo, lakini Mungu alimkataza, akamwambia akae katika nchi. Akakaa Gerari. Akapanda mbegu, akavuna mara mia mwaka uleule. Makundi yake yakaongezeka. Na kijicho cha Wafilisti kikaongezeka pia.

Ndipo wakafukia kwa udongo visima vyote vilivyochimbwa siku za Abrahamu. Uovu wa namna hiyo ni wa ajabu, maana katika nchi yenye kiu aliyefukia kisima naye hatakinywea. Abimeleki akamwomba Isaka aondoke. Isaka akaondoka mpaka bonde la Gerari, akavichimbua tena visima vya baba yake, akaviita kwa majina yaleyale aliyoyatoa baba yake. Kisha watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata chemchemi. Wachungaji wa Gerari wakaja, wakasema maji ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, maana yake ugomvi, akakiacha. Wakachimba kingine, wakakigombania hicho pia, akakiita Sitna, maana yake uadui, akakiacha. Akaenda mbele, akachimba cha tatu, wala hapakuwa na mtu wa kukigombania. Akakiita Rehoboti, maana yake nafasi.

Kila msomaji aliyewahi kuchimba kisima kwa mkono ajue hesabu yake: udongo wa kwanza, kisha mawe, kisha wiki za kuinua vikapu kwa kamba, na pengine chini hamna kitu. Isaka aliacha visima viwili vilivyokwisha kutoa maji. Watumishi wake hawakufurahi, bila shaka. Lakini tazameni pia kwamba hakuacha kuchimba. Hakukaa chini ya mti akihesabu ubaya wa Wafilisti. Upole wake ulikuwa na jembe mkononi. Na mwisho Abimeleki mwenyewe alimfuata Bersheba, pamoja na mkuu wa majeshi yake, kumwomba wafanye agano. Isaka aliwauliza kwa nini wamemjia, na hali walimchukia na kumfukuza. Neno hilo alilisema, hakulimeza. Kisha akawaandalia karamu, wakala na kunywa. Siku ileile walipoondoka kwa amani, watumishi wakaja kumwarifu kwamba wameona maji.

Bwana wetu Yezu Kristu naye, akiwa amechoka kwa safari, aliketi kando ya kisima cha Yakobo katika nchi ya Wasamaria. Kisima hicho ni kirefu, na Yezu hakuwa na chombo cha kutekea. Wayahudi na Wasamaria walikuwa na ugomvi wa miaka mingi, ugomvi wa milima na mahali pa kusali. Yezu hakuanza kwa shauri hilo. Alianza kwa kumwomba mwanamke mgeni maji ya kunywa. Aliyekuja kuwapa watu maji ya uzima, yale ambayo wakatekumeni wanayangojea siku ya Ubatizo, aliomba kwanza kama mchungaji apitaye katika nchi ya wengine. Wasamaria wa mji ule walimsihi akae kwao, akakaa siku mbili.

Imebaki habari moja ya Abrahamu, ya siku za uzee wake. Sara alikufa Hebroni, na mtu yule aliyekuwa ameahidiwa nchi yote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, hakuwa na mahali pa kumzika mkewe. Akasimama mbele ya Wahiti, wenyeji wa mahali pale, akakiri kwamba yeye ni mgeni na msafiri kwao, akaomba auziwe kaburi. Walimheshimu sana, walimwambia achague lolote katika makaburi yao. Efroni akasema atampa shamba bure pamoja na pango. Abrahamu hakukubali. Akainama mbele ya watu wa nchi, akapima shekeli 400 za fedha, yaani kadiri ya kilo 4 na nusu, mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji, akanunua shamba la Makpela, pamoja na pango lililokuwamo na miti yote iliyosimama mpakani. Katika Kitabu cha Mwanzo hakuna habari nyingine inayosema kwamba alinunua shamba Kanaani.

Humo akamzika Sara. Na siku yake ilipofika, Isaka na Ishmaeli wakaja pamoja, wakamzika baba yao katika pango lilelile. Kisha Isaka akarudi Negebu, akakaa karibu na kisima cha Lahai-Roi.